Picha Zilizo Kando ya Bahari ya Hayama

Tangu niliporudi kutoka Japani nimeulizwa maswali mengi, na karibu yote ni ya magari. Huyu anauliza bei ya injini, yule anataka kujua kama ni kweli treni za kule hazichelewi, na fundi mmoja wa Ilala amenipa karatasi yenye orodha ya vipuri kana kwamba mimi nakwenda huko kila mwezi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za picha. Sishangai. Japani tunayoijua huku kwetu ni ile inayoshushwa bandarini ikiwa na magurudumu manne. Leo naomba niwape habari za Japani nyingine, niliyoikuta katika jumba moja lililo ufukoni, mahali paitwapo Hayama.

Hayama ni mji mdogo katika Mkoa wa Kanagawa, kusini ya Tokyo. Ukitoka Tokyo unapanda treni kwa muda wa saa moja hivi hadi Zushi, kisha unaingia basi linalozunguka kwa njia ya pwani. Basi hilo hupita katika barabara nyembamba sana, nyumba upande huu na bahari upande ule, na baada ya dakika 20 hivi unashuka mahali paitwapo Sangaoka. Mbele yako lipo jumba jeupe, pana, lisilo refu kwenda juu. Nyuma yake ni ufuko wa Isshiki na Ghuba ya Sagami. Siku za anga safi Mlima Fuji huonekana ng'ambo ya maji. Siku niliyofika mimi ulikuwa umejifunika mawingu, nikaambiwa niurudie wakati wa baridi.

Jirani ya jumba hilo ipo nyumba ya mapumziko ya ukoo wa kifalme, iliyojengwa mwaka 1894 baada ya daktari Mjerumani, Erwin Bälz, kusifia hewa ya pwani ile. Ndani ya nyumba hiyo ndimo alimofia Mfalme Taisho tarehe 25 Desemba, 1926, na ndimo ulimoanzia utawala wa mwanawe Hirohito. Hata kiwanja cha jumba la picha kilikuwa zamani cha mwanamfalme mmoja, Takamatsu, ndugu yake Hirohito. Leo mtu yeyote anayelipa kiingilio huketi pale, akatazama bahari ileile aliyokuwa akiitazama mwanamfalme.

Jina kamili ni Jumba la Sanaa ya Kisasa la Kamakura na Hayama, na ni mali ya mkoa. Tawi la Hayama lilifunguliwa mwaka 2003. Lile la Kamakura lina historia ndefu zaidi, nami nitaifikia.

Nilipoingia chumba cha kwanza nilitoa kalamu ya wino ili niandike, kama ilivyo desturi yetu waandishi wa habari. Mama mmoja mtu mzima, mlinzi wa chumba, aliyekuwa ameketi kitini na blanketi magotini, aliinuka akaja kwangu kwa adabu kubwa, akainama, akanipa penseli. Mkalimani wangu akanieleza kwamba wino ukirukia picha hautoki, lakini alama ya penseli yaweza kufutwa. Nilimshukuru mama yule, naye akaniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania alitafakari kidogo, akasema, "Kilimanjaro." Hivyo tukawa tumetoshana nguvu: mimi naijua nchi yake kwa magari, naye anaijua yangu kwa mlima.

Ndani ya vyumba hivyo mwanga ni hafifu. Yuko mwenzangu mmoja aliyewahi kulalamika kwamba majumba ya makumbusho hubana umeme. Sivyo. Mwanga hula rangi, kama jua linavyokula kanga iliyosahauliwa kambani. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho laksi. Chumba cha kawaida cha ofisi huwa na laksi 500 hivi. Picha za mafuta aghalabu hupewa kiasi cha 200, na picha za karatasi hupewa 50 tu. Ndiyo sababu pia picha hazitundikwi mwaka mzima. Hutolewa kwa zamu, kisha hurudishwa gizani zikapumzike. Atakayekwenda Hayama asitarajie kukuta kila kitu ninachokitaja hapa, kwa kuwa hazina ya jumba ni kubwa kuliko kuta zake.

Na hapo tena kuna bahari. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa chumvi inavyolifanya bati la nyumba, au unyevu unavyotia ukungu katika picha ya harusi iliyowekwa ndani ya fremu. Kuziweka picha za thamani hatua chache kutoka majini ni kujitafutia kazi, na kazi hiyo hufanyika usiku na mchana kwa mitambo ya kutunza joto na unyevu. Mbona basi hawakujenga bara, penye hewa kavu? Jibu nililiona katika picha zenyewe. Pwani ile ndipo mahali ambapo sehemu kubwa ya sanaa mpya ya Japani ilizaliwa.

Hebu tuanze mwanzo. Mwaka 1853 manowari za Marekani chini ya Kamanda Perry zilitia nanga Uraga, upande wa pili wa rasi hiyohiyo ilipo Hayama, kuidai Japani ifungue milango yake. Milango ilipofunguka, pamoja na bunduki na mashine ziliingia pia rangi za mafuta na namna ya Kizungu ya kuchora. Wajapani walikuwa wachoraji hodari kwa karne nyingi, lakini walichora kwa mistari na rangi za maji juu ya karatasi na hariri, au walichonga picha katika vibao vya mbao na kuzichapa. Picha ya mafuta ilikuwa na kitu kingine: kivuli, uzito, na ule umajimaji wa kitu kilichoroa.

Yuko mtu mmoja aitwaye Takahashi Yuichi, aliyezaliwa mwaka 1828 katika ukoo wa mashujaa wenye kuvaa panga. Akiwa kijana alionyeshwa picha ya Kizungu iliyochapwa kwa jiwe, ikamshangaza jinsi ilivyofanana na kitu chenyewe, na tangu siku hiyo hakutulia. Mwaka 1866, akiwa mtu wa makamo, alikwenda Yokohama kumtafuta Mwingereza mmoja amfundishe. Mwingereza huyo, Charles Wirgman, kazi yake ilikuwa mwandishi wa habari. Alikuwa akipeleka habari na michoro kwa gazeti la picha la London. Nakiri nilifurahi kusikia kwamba mmoja wa waalimu wa mwanzo wa picha za mafuta Japani alikuwa mtu wa kazi yetu.

Picha ya Takahashi iliyomo katika hazina ya jumba hili ni ya kisiwa cha Enoshima, na aliichora mwaka 1876 na 1877. Enoshima ni kisiwa kidogo katika ghuba hiyohiyo, na zamani maji yakipwa palitokea fungu la mchanga, watu wakavuka kwa miguu kwenda kuhiji. Wachoraji wakubwa wa vibao vya mbao, Hokusai na Hiroshige, walikuwa wamekwisha kukichora mara nyingi, kwa hiyo kila Mjapani alikijua kwa sura. Takahashi alichukua mahali hapo panapojulikana mno akapatia mchanga ulioroa na watu wadogo wanaotembea juu yake. Ukiitazama vizuri unaona hakuiga Ulaya. Alichukua chombo cha Ulaya akakifanyia kazi ya nyumbani, mbele ya macho ya watu waliokijua kisiwa chao na ambao wangemcheka kama angekosea.

Jambo hili lina upande wake wa lugha, na kwangu ndio mtamu zaidi. Neno la Kijapani la sanaa, "bijutsu", halikuwepo kabla ya miaka ya 1870. Liliundwa kutafsiri neno la Kijerumani, Serikali ilipokuwa ikitayarisha bidhaa za kupeleka katika Maonyesho ya Dunia ya Vienna ya mwaka 1873. Baada ya hapo picha za mafuta zikaitwa "yoga", yaani picha za Kimagharibi, na zile za jadi, za rangi za mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi, zikapewa nazo jina, "nihonga", yaani picha za Kijapani. Angalieni jambo hili. Jina la pili halikuhitajika mpaka la kwanza lilipoingia. Sisi nasi tulianza kusema "ngoma za asili" baada ya dansi kuingia mjini. Kabla ya hapo zilikuwa ngoma tu.

Katika vyumba vinavyofuata unaiona pwani ikigeuka makao ya wachoraji. Reli ilikuwa imefika, kodi ilikuwa nafuu kuliko Tokyo, na hewa ya bahari iliaminiwa kuwa dawa ya kifua kikuu, ugonjwa uliowamaliza vijana wengi wa wakati ule. Yorozu Tetsugoro, aliyechora mwanamke mwenye mwavuli mwaka 1913 kwa rangi kali zilizowaudhi wakubwa, alihamia Chigasaki, ufukoni, akafia huko mwaka 1927 kwa ugonjwa huo.

Kishida Ryusei naye alikaa Kugenuma, karibu na kile kisiwa cha Enoshima, tangu mwaka 1917. Huko alimchora binti yake Reiko mara kwa mara, tangu akiwa mdogo kabisa. Picha moja ya Reiko, aliyosimama wima, ni ya mwaka 1923 na imo katika jumba hili. Msitegemee mtoto mzuri wa kalenda. Reiko wa baba yake ana uso mpana, macho ya mbali, na utulivu unaomtia mtu wasiwasi kidogo. Kishida alikuwa amesoma sana wachoraji wa kale wa Ulaya ya kaskazini, akaja akageukia pia picha za kale za Kichina, na vyote viwili vimekutana katika uso wa mtoto mmoja. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo tetemeko kubwa la ardhi likapiga Tokyo na pwani nzima ya Sagami. Nyumba ya Kishida ikaanguka. Familia ikasalimika, ikahamia Kyoto, na ule wakati wa Kugenuma ukawa umekwisha.

Nitapita haraka kwa Koga Harue na picha yake ya mwaka 1930, yenye mwanamke anayecheza dansi juu ya ghorofa huku miavuli ya kurukia ikishuka angani. Ni picha ya kuchekesha, na vijana waliokuwa mbele yangu walisimama hapo kuliko mahali pengine popote. Mimi niliyemfuata alikuwa mwingine.

Huyo ni Matsumoto Shunsuke. Alizaliwa mwaka 1912. Akiwa na miaka 13 aliugua homa ya uti wa mgongo ikamwacha kiziwi kabisa. Vita vilipokuja, vijana wa rika lake walichukuliwa jeshini, yeye akaachwa kwa sababu ya masikio yake. Picha yake ya mwaka 1942 inaitwa kwa kifupi tu "Sanamu ya Mtu Aliyesimama". Ni kubwa, kimo chake kinapita mita moja na nusu. Kijana amesimama barabarani, miguu ameitanua, mikono imening'inia, na mji wa Tokyo nyuma yake ni mdogo hata unaishia chini sana, wote mwingine ni mbingu ya kijivujivu. Hana bendera. Hana silaha. Hafanyi lolote. Uso ni wa mchoraji mwenyewe.

Ili kuelewa uzito wa kijana yule asiyefanya lolote, lazima kujua yaliyotangulia. Mwezi Januari 1941 gazeti moja la sanaa, Mizue, lilichapisha mazungumzo ya maofisa wa jeshi juu ya sanaa na ulinzi wa taifa. Maofisa walisema waziwazi kwamba wachoraji wachore yanayolifaa taifa vitani, na kwamba asiyesikia anaweza kunyimwa rangi. Rangi wakati ule zilikuwa kwa mgawo. Kumnyima mchoraji rangi ni kama kuizima mitambo ya redio huku mtangazaji akiachwa aseme apendavyo mbele ya kipaza sauti. Wachoraji wengi walinyamaza, na wengi wakachora vita, tena wengine kwa ufundi mkubwa. Mwezi Aprili, katika gazeti hilohilo, Matsumoto mwenye umri wa miaka 28 aliandika majibu kwa jina lake mwenyewe. Kiini cha hoja yake kilikuwa kwamba mchoraji huanza kwa kuwa binadamu aliye hai, na kazi isiyotoka hapo haiwezi kulifaa hata hilo taifa lenyewe.

Wako wataalamu wanaosema asikuzwe mno, kwamba hakuikataa dola wala hakufungwa jela, na kwamba maneno yake yalikuwa ya tahadhari. Nadhani wana haki. Lakini mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti zaidi ya miaka 20, na naujua uzito wa mtu kuweka jina lake chini ya maneno ya tahadhari wakati wengine hawaandiki kabisa. Mwaka 1943 yeye na wenzake saba waliunda kikundi kidogo wakaendelea kuonyesha picha za mambo ya kawaida. Mmoja wao, Aimitsu, alichukuliwa jeshini akafa kwa ugonjwa huko Shanghai mwaka 1946. Matsumoto mwenyewe alifariki mwaka 1948, akiwa na miaka 36.

Na zile picha za vita? Baada ya kushindwa kwa Japani, Wamarekani walikusanya 153 wakazipeleka kwao. Mwaka 1970 zilirudi, kwa jina la mkopo usio na mwisho, na zikawekwa katika jumba la taifa mjini Tokyo, ambako hutolewa chache chache.

Sasa nirudi kwenye Kamakura. Kamakura ni mji wa kale, jirani na Zushi, wenye hekalu kubwa la Tsurugaoka Hachimangu. Miaka michache baada ya vita wasanii na waandishi waliokuwa wakiishi pwani ile walijikusanya wakamwendea Gavana wa mkoa, Uchiyama Iwataro, wakitaka jumba la picha. Fikirini wakati wenyewe. Nchi ilikuwa bado chini ya majeshi ya kigeni, miji ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na vifaa vya ujenzi vilikuwa adimu. Mtu angesema, na bila shaka wako waliosema, kwamba picha zingoje. Hawakungoja. Hekalu lilikodisha kiwanja kando ya bwawa lake, na msanifu Sakakura Junzo, aliyewahi kufanya kazi Paris katika ofisi ya Le Corbusier, alichora jengo jepesi la chuma na vibao vyeupe, nguzo zake nyingine zikiwa ndani ya maji. Lilifunguliwa tarehe 17 Novemba, 1951, kwa maonyesho ya picha za Cézanne na Renoir. Lilikuwa jumba la kwanza la umma la sanaa ya kisasa katika Japani. Serikali kuu ilifungua la kwake Tokyo mwaka uliofuata. Mkoa uliitangulia dola.

Mkataba wa kiwanja ulipofika mwisho mwaka 2016, jumba lile lilifunga milango, na kulikuwa na hofu kwamba lingebomolewa, kwa kuwa ardhi ya hekalu inalindwa kisheria kama mahali pa kale. Wasanifu na wananchi walipiga kelele miaka mingi. Mwishowe jengo lilibaki. Hekalu likalichukua, likalitengeneza, na mwaka 2019 likafunguliwa tena kama jumba la utamaduni la hekalu. Picha na sanamu zilibaki mikononi mwa mkoa, na nyumba yao kuu sasa ni Hayama.

Hapa niseme neno moja la kando kwa wale wanaodhani safari hii ni ya upande mmoja. Kule Ise, katika mkoa mwingine wa pwani, Mjapani mmoja alikusanya vinyago vya Wamakonde hata akavijengea jumba lake. Fundi wa Mtwara anaweza kuwa na kazi yake kando ya bahari ya Japani na mtoto wake asijue.

Miongoni mwa vitu vilivyohamishwa kutoka Kamakura hadi Hayama ni sanamu mbili za mawe za mwaka 1951, kazi ya Isamu Noguchi. Zinaitwa Kokeshi, jina la wale wanasesere wa mbao wasio na mikono wanaochongwa kaskazini ya Japani. Noguchi alizaliwa Los Angeles mwaka 1904, baba Mjapani, mama Mmarekani. Vita vilipoanza na Wajapani wa Marekani ya magharibi wakawekwa kambini, yeye aliyekuwa akiishi New York hakuguswa na amri hiyo. Lakini mwaka 1942 aliingia mwenyewe katika kambi ya Poston, jangwani Arizona, akitumaini kusaidia kuitengeneza iwe mahali pa kukaa watu. Akakuta kwamba kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Vita vilipokwisha alikuja Japani, nchi ya baba yake, akachonga wanasesere hawa wawili.

Wamesimama nje bega kwa bega, mume na mke, vichwa vya mviringo, nyuso zenye furaha ndogo. Nje hakuna penseli wala laksi. Mvua inawapiga, na upepo wa chumvi kutoka Isshiki unawapitia kila siku. Nilipokuwa hapo mtoto wa kama miaka minne aliachana na mkono wa bibi yake, akasimama katikati ya sanamu zile mbili, akanyoosha mikono chini kama wao, akangoja apigwe picha.